Nilichomfanyia Anitha Mbele ya Simu

Jumapili, saa nne asubuhi, Ilala. Mvua ya jana haikupoza kitu, imeacha fukuto tu. Nimekaa karibu na feni, nimeigeuzia upande wa uso ambao haujavimba.

Naandika kwa kidole kimoja. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikanyagwa Alhamisi, vimekuwa vyeusi kama zambarau. Mdomo wa chini una nyuzi tatu. Nikivuta pumzi kwa nguvu, ubavu unachoma kama kuna mtu anaupekua kwa ncha ya kisu.

Sitafuti pole. Nimeanza na hayo ili yaishe, maana kuna mtu yuko wodini ana hali mbaya kuliko yangu, na aliyemlaza pale ni mimi.

Wengi mnaosoma blogu hii mnanijua kwa mambo ya biashara. Mimi ni Mama Nasra, nauza mapazia Kariakoo, kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Msimbazi, katika fremu aliyoniachia marehemu mume wangu. Kila Desemba huwa naandika hapa ninachokiona kinakuja kwenye biashara ya mtandaoni mwaka unaofuata. Safari hii nilikuwa nimeshafika nusu. Niliandika kwamba picha iliyotulia imekwisha kazi, mteja wa mwaka ujao atataka kukuona laivu, ulishike jora la kitambaa, ulikunje, uliminye mbele yake. Niliandika kwamba watu hawatanunua tena dukani, watanunua kwa mtu, kwa sura na sauti waliyoizoea, hata kama mwenye sura hiyo hana duka. Niliandika kuhusu akili mnemba, jinsi mteja wa Songea atakavyopiga picha dirisha lake akaliona limevaa pazia kabla hajalipa.

Yote hayo ni kweli. Yaliingia kwenye kichochoro chetu kabla sijamaliza kuyaandika, na nilipoyaona nilichukua chuma.

Niwaeleze Anitha ni nani.

Ni binti wa Masasi, ana miaka ishirini na sita. Alikuja mjini kwa mama yake mdogo anayeuza viatu vya mitumba Mchikichini. Kwangu alifika kama winga, yaani wale vijana wanaosimama barabarani kukamata wateja na kuwaleta dukani, wakishanunua anapata chochote. Mawinga wengi huvuta wateja kwa mkono kama wanakamata mbuzi. Anitha alikuwa anawauliza dirisha lao linatazama wapi, jua linaingia saa ngapi, wana watoto wadogo au hawana. Mteja akifika kwangu ameshajua anataka nini. Nikampa kigoda cha kukalia mlangoni. Nikamfundisha kukata, kupima marinda, kujua kitambaa kitakachopauka na kisichopauka. Miaka minne.

Yeye ndiye aliyeanza mambo ya laivu, si mimi. Mimi hapa nilikuwa naandika tu. Yeye alisimamisha simu kwenye stendi katikati ya fremu yangu, akawasha ile taa ya duara, akaanza kuongea na watu asiowaona kama anaongea na majirani. Ukurasa ulikuwa wake, kwa jina lake. Sikuona tabu. Mapazia yalikuwa yanatoka, mizigo inapanda mabasi kila alfajiri kwenda Mbeya, Tabora, Kahama. Mwaka jana niliwaandikia hapa kwamba kila mwenye duka amtafute kijana mwenye sauti ampe nafasi. Wengi mlinishukuru.

Sikuwaambia kilichokuwa kinanitafuna.

Mwezi wa tisa alikuja mama mmoja kutoka Dodoma. Aliingia, akaangaza huku na huku, akaniuliza kwa adabu kabisa kama mimi ndiye mfanyakazi wa Anitha. Nilimwambia Anitha amekwenda kula. Nilimhudumia, nikamfungia mzigo wake, nikamsindikiza hadi mtaani. Niliporudi nilijifungia stoo nikang'ata jora la kitambaa mpaka meno yakauma.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja Anitha alikaa karibu yangu, akaniambia taratibu kwamba anafikiri tuandike majina mawili kwenye kibao, lake na langu, tuwe wabia. Alikuwa ameliwaza kwa muda, niliona. Nilicheka. Nilimwambia yeye ni winga, na winga hana kibao. Mbele ya wateja wawili.

Anitha alimaliza kukunja alichokuwa anakunja, akaning'iniza mkasi mahali pake. Jumatatu ya wiki hii hakuja. Jumanne nikamwona ng'ambo ya kichochoro, kwa Hemedi.

Hemedi anauza mapazia kama mimi, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu. Tumegombania wateja miaka mingi bila kutukanana. Alimpa Anitha kibao. Niliona fundi anakipandisha, maandishi mekundu, jina la Anitha juu na la Hemedi chini.

Siku tatu nilikaa fremuni kwangu kama niliyefiwa. Nilikuwa naisikia sauti yake kutoka ng'ambo, na naisikia tena kwenye simu yangu, maana nilikuwa naifuatilia laivu yake kwa akaunti ya binti yangu. Sauti mbili, ya simu imechelewa kidogo kwa ya kweli. Nilikuwa nawaza nimvunje. Siandiki hivi kwa kutia chumvi. Niliwaza nitampiga wapi, kwanza wapi, halafu wapi. Nikiwa namkatia mteja kitambaa, mkono wangu ulikuwa unauwaza mkono wake.

Alhamisi kama saa saba mchana alianza kuonyesha ile programu mpya. Mteja anatuma picha ya chumba, pazia linaning'inia lenyewe dirishani. Akasema atatoa mfano. Akaweka picha.

Ilikuwa sebule yangu.

Kochi langu la kijani. Zulia langu. Ukutani picha ya marehemu mume wangu amevaa kanzu. Anitha aliipiga Idi iliyopita alipokuja kula kwangu, akaniomba aitumie kwa kazi, nikakubali nikijua ni kazi yangu. Sasa kwenye dirisha langu, pembeni ya uso wa mume wangu, kulikuwa na mapazia ya Hemedi. Akayabadilisha, ya bluu. Akayabadilisha, ya dhahabu. Watu wakawa wanammiminia mioyo.

Mmoja akauliza kwenye komenti, mbona hauko kwa yule mama siku hizi. Anitha akacheka, akasema, "Yule mwacheni, yule pazia la mwaka juzi."

Kwenye kona ya fremu nina bomba za mapazia, zile za chuma. Nilichukua iliyokuwa imekatwa fupi kwa ajili ya dirisha la choo, urefu wa mkono wangu. Nakumbuka nilichagua. Kulikuwa na ndefu zaidi nikaiacha kwa sababu ingegonga mlango wake wakati naingia. Watu wanasema mtu akikasirika haoni. Mimi niliona vizuri sana. Nilisimama kupisha mkokoteni wa maji upite, ndipo nikavuka.

Aliniona nikiingia. Alikuwa na mkasi mkononi, anakata pazia jepesi jeupe ili waone ncha zake. Akafungua mdomo. Nafikiri alikuwa anataka kuniamkia, maana mdomo wake ulianza na "shi". Nilimpiga.

Alikinga kwa mkono wa kulia. Sauti ya mfupa ilikuwa ndogo kuliko nilivyowaza siku zile tatu, kama mtu aliyevunja kijiti cha ufagio. Mkasi ukaruka. Mkono ukapiga stendi, simu ikaanguka kifudifudi juu ya kitambaa. Yeye akaangukia magoti, kisha ubavu.

Nikampiga tena, begani. Nikampiga tena, kichwani, juu ya sikio la kushoto.

Alikuwa chini.

Damu iliingia kwenye lile pazia jeupe haraka, ikatambaa kwenye nyuzi. Hakupiga kelele. Alikuwa anatoa sauti kama mtoto anayetafuta pumzi kabla ya kulia. Nami, lazima niseme kwa sababu bila hilo maandishi haya hayana maana, kwa muda mfupi nilijisikia vizuri. Nilijisikia mwepesi. Nilinyanyua chuma mara ya nne.

Hemedi ndiye aliyenizuia. Alinipiga teke la mgongo, nikaangukia kabati la kioo. Baada ya hapo sikumbuki kwa mpangilio. Mawinga waliingia, wale vijana ambao Anitha alisimama nao juani miaka ile, na hawakuwa wamekuja kuamulia. Mmoja aliniburuta nje kwa ushungi mpaka ukanitoka, mwingine akashika nywele. Nilipigwa ngumi ya mdomo na mtu ambaye watoto wake nimewashonea mapazia ya chumbani bure. Nilikanyagwa vidole. Mwanamke nisiyemjua alikuwa ananipiga kwa kiatu chake huku anaulizia nimefanya nini. Alikuwa hajui. Alikuta watu wanapiga, akaanza kupiga.

Niliona simu nyingi kuliko ngumi.

Kaka yangu Saidi ana duka la vyombo mtaa wa pili. Alifika na kipande cha ubao, akampasua kijana mmoja kichwa, naye akaangushwa. Upande wa pili walikuwa wanavunja fremu yangu. Nilisikia kioo. Nilisikia watu wanakimbia na majora. Polisi walipofika walitupakia mimi na Saidi nyuma ya gari, na hata pale nyuma kuna mtu aliweza kunyoosha mkono akanipiga kofi la mwisho.

Anitha alipakiwa kwenye bajaji na mama yake mdogo. Nilimwona akipita. Mkono ulikuwa umekaa vibaya, kama si wake.

Tulilala kituoni usiku mmoja. Askari wa zamu aliandika kwamba nimekataa kueleza lolote, na kwamba nirudi Jumatatu kutoa maelezo. Ni kweli, mdomo ulikuwa haufunguki, na sikujua niseme nini. Ijumaa jioni ndugu zetu walituwekea dhamana, tukatoka.

Nilipowasha simu ilikaa ikitetemeka juu ya meza kama ina degedege.

Video ilikuwa imesambaa. Kipande kile cha laivu kinaonyesha mimi naingia, bomba linashuka, mkono wake unapanda, kisha simu inaanguka na skrini inakuwa nyeupe kwa sababu ya kitambaa. Baada ya hapo kuna sauti tu. Pigo moja. Pigo lingine. Watu walikuwa wanabishana kama nimempiga yeye au nimepiga sakafu. Wengine walikuwa wanacheka. Wengine waliandika kwamba nilitakiwa nimmalize, eti mawinga wamezidi. Wengine waliandika nichomwe moto mimi na duka langu, na mmoja akaelekeza duka lilipo. Nilisoma mpaka macho yakauma. Watu wapole, wenye picha za watoto wao, wanaandika jinsi ya kumuua mtu.

Katikati ya hayo kulikuwa na oda.

Nilidhani nimesoma vibaya. Watu wanauliza lile pazia jeupe bado lipo. Wanauliza bei ya kutuma Arusha. Kuna aliyeandika anataka "pazia la kipigo", na hilo likawa jina lake, kila mtu akawa analiita hivyo. Hemedi naye akalibeba jina hilo. Jana asubuhi alikuwa laivu, taa imewashwa, sakafu imeoshwa, anauza pazia la kipigo, na waliokuwa wanamtazama ni wengi kuliko Anitha alivyowahi kupata. Hata kwangu mimi, ambaye fremu yangu haina mlango, ziliingia oda nyingi kuliko mwezi mzima wa kumi na moja.

Nimekuwa nikiwafundisha hapa miaka yote kwamba mteja wa mtandaoni hununua kile anachokitazama. Sikuwahi kujiuliza anapenda kutazama nini.

Nasra anasoma Morogoro. Alinitumia ujumbe mmoja tu Ijumaa: "Mama, huyu ni wewe?" Nimemjibu ndiyo. Hajaandika tena.

Jana kabla ya adhuhuri Saidi alikuja na habari mbili. Kichwa chake kimefungwa bendeji, jicho halifunguki, lakini alikuwa mchangamfu. Ya kwanza, kuna kijana mwenye ukurasa mkubwa amempigia. Anataka kutukutanisha mimi na Anitha tupatane laivu, tumekaa kwenye makochi, nyuma yetu mapazia. Nilie kidogo, nimkumbatie, halafu tuuze. Alimwambia Saidi hakuna kitu kitakachouza mwaka ujao kama watu waliopigana wakapatana mbele ya kamera. Kama ningeisikia kwa mtu mwingine ningeiandika kwenye ile orodha yangu ya Desemba.

Ya pili ilikuwa ya Jumatatu. Saidi alikaa, akashusha sauti. Video inaonyesha Anitha ana mkasi. Kwa hiyo mimi nitasema niliingia kuzungumza, yeye akanijia na mkasi, nikajikinga kwa kilichokuwa mkononi mwangu. Yale mapigo mengine nilipiga sakafu kumtisha. Ana watu wawili watakaosema waliona. Alishaongea nao.

Nilimuuliza kama anaamini hivyo. Akasema si suala la kuamini. Nilipomwambia nitafikiri, alipiga meza kwa kiganja, glasi ya maji ikaanguka ikapasuka. Akanikumbusha nani alikuja na ubao. Akanikumbusha mama yetu ana presha. Ni kweli alikuja na ubao. Ni kweli mama ana presha.

Nilifagia vioo, nikajitanda kanga usoni, nikaacha simu ndani ya kabati, nikaenda hospitali.

Mama mdogo wa Anitha alikuwa mlangoni pa wodi na chupa ya uji. Ni mwanamke mfupi, mikono imejaa kazi. Nilimwamkia, akaiweka chupa chini. Nilifikiri atanipiga, na nilikuwa tayari nimelegeza mwili ili anipige vizuri. Hakunipiga. Alisema niingie, nisikae, na nikimliza atanitoa yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Anitha alikuwa amelala chali. Mkono una plasta kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Kichwa kimenyolewa upande mmoja na kushonwa. Uso umevimba mpaka nilimtambua kwa mdomo tu. Hakuniamkia. Miaka minne yote hajawahi kuniona bila kunipa shikamoo, hata siku tuliyogombana.

Alichosema kwanza ni hiki: "Umekuja kurekodi?"

Sikuelewa. Nikageuza mkoba wangu juu ya shuka lake, funguo zikatoka, na kitambaa, na dawa zangu za maumivu. Nikamwambia simu nimeiacha nyumbani. Akaangalia vile vitu mpaka akaridhika. Ndipo akanieleza kwamba Hemedi alikuja Ijumaa na simu, akamweka laivu akiwa bado ana dripu, watu wampe pole, na chini ya picha yake akaandika bei ya mapazia. Alikuwa amelewa dawa. Alipokuja kuona baadaye aliona mdomo wake ukitabasamu.

Nilimwambia nimemkosea. Maneno yalikuwa madogo mno, yalitoka na mate kwa sababu ya mdomo.

Akasema ile picha ya sebule nilimruhusu mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema neno la pazia la mwaka juzi lilikuwa utani, angeweza kunitania hivyo hata uso kwa uso, tumetaniana mangapi. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeitazama ile video tena na tena nikitafuta tusi kubwa kama lile nililolisikia, na sikulipata. Lilikuwa neno la utani, amelisema kwa pumzi moja, kisha akaendelea kueleza jinsi ya kufua pazia jepesi.

Nilimuuliza kuhusu sikio. Akasema daktari wake anasubiri uvimbe ushuke ndipo ajue, ila kwa sasa la kushoto lina mvumo tu, kama feni. Nikizungumza upande huo hanisikii. Nikazunguka kitanda nikasimama upande wa pili.

Ndipo akasema lile lililonileta hapa kuandika. Alisema polepole, anaangalia dari.

"Mama Nasra, ulinipiga nikiwa chini."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Na ya tatu nilishainua."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia sikioni, kwenye sikio lile zima, na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya plasta na dripu. Sikuthubutu kumgusa. Akasema watu wote wanamwambia nilipiga sakafu. Waliotazama video wanamwambia. Nesi amemwambia. Hata mama yake mdogo alimuuliza kwa upole kama ana uhakika, maana ukianguka kichwa kinaweza kugonga kigae. Na yeye, kwa sababu ya dawa na mvumo, ameanza kujiuliza labda anasingizia.

Nilimwambia hasingizii.

"Basi sitaki pole yako," alisema. "Sema ulichofanya. Kawaambie."

Mama mdogo akaingia, akaniambia inatosha. Nilikusanya funguo zangu. Anitha hakunisamehe, wala sikuomba, na natambua kwamba hakuna kitu kitakachorudi kama kilivyokuwa. Kesi ataendelea nayo. Kile kibao cha Hemedi amesema hakitaki tena. Mkono ukipona, kama utapona, atatafuta pa kuanzia, na si kwangu.

Nilitembea kutoka hospitali hadi nyumbani. Watu wawili walinitambua njiani licha ya kanga. Mmoja alinitemea mate. Mwingine, kijana wa heshima tu, aliniomba tupige picha.

Kwa hiyo asubuhi hii nimempigia Saidi nikamwambia sitasema habari ya mkasi. Alinitukana tusi ambalo baba yetu alikuwa analitumia kwa mama kabla ya kumpiga. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akakata simu. Nilikaa na lile tusi muda mrefu. Nilitambua kwamba hata mimi, wakati navuka kichochoro Alhamisi, nilikuwa nalisema ndani ya kichwa changu, na lilikuwa kwa sauti ya baba.

Yule kijana wa makochi nimemwandikia hapana. Oda zote nimezirudisha. Fremu itabaki bila mlango mpaka mambo haya yaishe.

Naogopa. Niliulizia kwa mtu anayejua sheria, akaniambia kumpiga mtu aliye chini mpaka kumuumiza hivyo ni kifungo, na kwamba nikisema kwa mdomo wangu nimewapunguzia kazi. Nina miaka arobaini na nne. Mama yangu ana presha na binti yangu hataki kuongea nami. Nimeandika sentensi hizi, nikazifuta, nikaziandika tena. Mara moja niliandika kwamba sikumbuki. Ni rahisi sana kuandika kwamba hukumbuki.

Nakumbuka.

Anitha alikuwa anakata pazia. Mkasi ulikuwa wa kazi, na ulimtoka mkononi kwenye pigo la kwanza. Hakuninyooshea, hakunisogelea, hakunitukana. Nilimvunja mkono akiwa amesimama. Nilimpiga bega akiwa chini, nikampiga kichwa akiwa chini, sakafu sikuigusa, na kama Hemedi asingenipiga teke ningempiga tena. Wawili watakaosema waliona vinginevyo hawakuwepo ndani. Mimi nilikuwepo.

Naitwa Tatu, mama yake Nasra. Nimeandika haya nikiwa na akili zangu, bila kulazimishwa na mtu. Nayaweka hadharani sasa hivi, kabla ya saa sita, ili yasomwe na yatunzwe na kila aliyetunza ile video, na ili kesho saa mbili asubuhi nikisimama mbele ya yule askari nisiweze kusema kitu kingine.

Anitha, kama kuna mtu atakusomea: hukusingizia.